Uhariri wa Video: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuchagua Jukwaa la Kompyuta

Na Mwandishi Wetu

Hafla inapomalizika, kamera huzimwa na wananchi hurejea makwao, lakini kazi ya kuifanya hafla hiyo ionekane na kueleweka ndiyo kwanza huanza. Picha zilizorekodiwa hukusanywa, huchaguliwa, huunganishwa, hurekebishwa rangi, huwekewa sauti na maandishi, kisha hutolewa katika muundo unaofaa kwa televisheni, mitandao ya kijamii au hifadhi ya kumbukumbu. Hatua hizo zote kwa pamoja ndizo kazi za baada ya kurekodi, na leo hufanyika ndani ya kompyuta kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Mahitaji ya kazi hizo yameongezeka nchini. Tangu Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya matangazo ya analojia jijini Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba, 2012, utangazaji wa kidijitali umepanuka, na uzalishaji wa video haupo tena mikononi mwa vituo vya televisheni pekee. Wizara, halmashauri, vyuo, taasisi za dini, vikundi vya vijana na studio binafsi huandaa vipindi na makala za video. Kila mmoja wao, kwa wakati wake, hukutana na swali lilelile: zinunuliwe kompyuta za Mac, za Windows au za Linux?

Makala haya yanaeleza namna ya kulijibu swali hilo. Jukwaa, kwa maana inayotumika hapa, ni mashine pamoja na mfumo endeshi wake na programu zinazoutegemea. Msingi wa makala ni mmoja: kompyuta huchakaa ndani ya miaka michache, ilhali picha zinazohaririwa humo zinaweza kuhitajika miaka hamsini ijayo. Kwa hiyo anayechagua jukwaa anapaswa kujua namna ya kuingia humo, na ajue pia namna ya kutoka bila kupoteza kazi yake.

Historia fupi ya uhariri wa kompyuta

Kwa miongo mingi filamu ilihaririwa kwa kukata na kuunganisha ukanda wenyewe kwa mkono, na baadaye vipindi vya televisheni vikahaririwa kwa kunakili kutoka kanda moja ya video hadi nyingine. Mwaka 1989 kampuni ya Avid ya Marekani ilionesha mtambo wa Media Composer uliotumia kompyuta ya Macintosh II, ambao ulimwezesha mhariri kupanga vipande vya picha kwa utaratibu wowote, kuvibadilisha na kuvirudisha bila kugusa kanda ya asili.

Waandaaji wakubwa wa filamu walichukua muda kuukubali. Filamu ya The English Patient ya mwaka 1996, iliyohaririwa na Walter Murch, ndiyo ya kwanza iliyohaririwa kwa kompyuta kupata tuzo ya Oscar ya uhariri. Mwaka 1999 Apple ilitoa programu ya Final Cut Pro, iliyofanya kazi katika kompyuta za kawaida za Mac kwa gharama ndogo kuliko mitambo iliyotangulia. Murch huyohuyo aliitumia kuhariri Cold Mountain, filamu iliyotoka mwaka 2003. Studio nyingi ndogo duniani zilifuata njia hiyo, zikanunua Mac kwa ajili ya Final Cut Pro, zikafundisha wahariri wao na kujenga maktaba za kazi zao humo.

Funzo la mwaka 2011

Mwezi Juni mwaka 2011 Apple ilitoa Final Cut Pro X, programu iliyoandikwa upya kabisa. Toleo hilo jipya halikuweza kufungua miradi iliyohaririwa katika matoleo yaliyotangulia. Halikuwa pia na uwezo wa kuhariri picha za kamera kadhaa kwa wakati mmoja, wala wa kupeleka mradi katika programu nyingine kwa njia ya faili za XML. Baadhi ya mapungufu hayo yalirekebishwa: XML iliongezwa mwezi Septemba mwaka huohuo na uhariri wa kamera nyingi mwezi Januari 2012. Hata hivyo, wahariri wengi walikuwa wamekwisha kuhamia kwenye Adobe Premiere Pro au Avid, na wengine wakaenda nazo kwenye kompyuta za Windows.

Waliobaki na toleo la zamani, Final Cut Pro 7, waliendelea kwa muda. Lakini mwaka 2017 mfumo endeshi wa macOS High Sierra uliacha kuliunga mkono, na mwaka 2019 toleo la Catalina likaondoa kabisa uwezo wa kuendesha programu za biti 32. Tangu hapo, mradi wa mwaka 2008 uliohifadhiwa bila kuhamishwa haufunguki moja kwa moja katika Mac mpya, hata kama picha zake zote zipo salama.

Funzo hapa halihusu kampuni moja. Adobe nayo ilibadilisha utaratibu wake mwaka 2013, ikaacha kutoa matoleo mapya ya kununuliwa mara moja na kuhamia kwenye malipo ya kila mwezi au mwaka. Malipo yakikoma, programu hufungwa. Microsoft ilihitimisha huduma za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba, 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Apple ilitangaza mwaka 2025 kuwa macOS Tahoe ndilo toleo la mwisho kwa Mac zenye prosesa za Intel. Kila jukwaa lina mmiliki au msimamizi wake, na huyo ana ratiba yake. Mnunuzi hana uwezo wa kuizuia, ila anaweza kujiandaa nayo.

Programu kabla ya mashine

Hatua ya kwanza katika uchaguzi ni kubaini programu itakayotumika, kwa kuwa ndiyo inayoamua mashine zinazowezekana. Final Cut Pro hufanya kazi katika vifaa vya Apple pekee. Avid Media Composer na Adobe Premiere Pro hufanya kazi katika Mac na Windows, lakini si Linux. DaVinci Resolve, inayomilikiwa na kampuni ya Blackmagic Design ya Australia tangu mwaka 2009, hufanya kazi katika mifumo yote mitatu, na ina toleo la bure na la kulipia. Kdenlive ni programu huria isiyo na malipo, nayo hupatikana katika mifumo yote mitatu.

Uchaguzi wa programu nao hutegemea watu. Ofisi yenye wahariri wanne waliozoea Premiere Pro haitapata faida kwa kununua mashine bora zaidi zinazowalazimu kuanza upya. Vilevile, anayepokea kazi kutoka kwa wengine, au anayepeleka picha kwa mtaalamu wa rangi na sauti kwa fundi wa studio nyingine, anapaswa kuuliza wenzake wanatumia nini. Mhariri wa peke yake ana uhuru mkubwa wa kuchagua, lakini aliye katika mnyororo wa kazi hulazimika kwenda na wenzake.

Majukwaa matatu kwa ulinganisho

Mac. Tangu mwezi Novemba 2020 Apple imekuwa ikitumia prosesa zake yenyewe. Matoleo kama M1 Pro na M1 Max ya mwaka 2021, na yaliyofuata, yana sehemu maalumu za kushughulikia video ya ProRes, kodeki iliyotolewa na Apple mwaka 2007 na inayotumika sana katika uhariri. Mashine hizo hutumia umeme kidogo na hupata joto kidogo, jambo lenye maana katika vyumba visivyo na kiyoyozi na kwa kazi za nje ya ofisi. Upungufu wake ni kwamba kumbukumbu ya kazi, yaani RAM, haiwezi kuongezwa baada ya kununua. Anayekosea katika makadirio siku ya kwanza huishi na kosa hilo hadi mashine itakapobadilishwa.

Windows. Faida yake kubwa ni wigo wa vifaa. Mnunuzi anaweza kuchagua prosesa, kadi ya grafiki, RAM na diski kulingana na fedha aliyonayo, na sehemu moja ikiharibika au ikipitwa na wakati hubadilishwa yenyewe. Mafundi wa kompyuta za aina hii wanapatikana hata nje ya miji mikubwa. Programu za michoro ya pande tatu na za athari za picha zinazotegemea teknolojia ya CUDA huhitaji kadi za Nvidia, ambazo Mac za sasa hazizitumii. Upungufu wake unatokana na wigo huohuo: vifaa vya watengenezaji tofauti huweza kutopatana, na kompyuta mbili zenye bei moja huweza kutofautiana sana kwa ubora.

Linux. Studio kubwa za athari za picha na urekebishaji wa rangi zimeitumia kwa miaka mingi kwa sababu ya uthabiti wake na urahisi wa kusimamia mashine nyingi kwa pamoja. Mfumo wenyewe hauna gharama ya leseni. Hata hivyo, unahitaji mtu mwenye ujuzi wa kuusimamia. Aidha, toleo la bure la DaVinci Resolve kwa Linux limejulikana kwa muda mrefu kutofungua video za H.264, ambazo ndizo zinazotoka katika kamera na simu nyingi. Asiyefahamu jambo hilo huweza kudhani kompyuta ni mbovu.

Hesabu ya picha na diski

Makosa mengi ya ununuzi hutokea pale mnunuzi anapotazama kasi ya prosesa na kusahau uzito wa picha. Tuchukue mfano. Mkutano wa saa mbili unarekodiwa kwa kamera mbili kwa ubora wa 4K, kila moja ikiandika megabiti 100 kwa sekunde. Kila saa ya picha huchukua takribani gigabaiti 45, hivyo saa nne zitahitaji gigabaiti 180. Kwa kuwa nakala moja haitoshi, nakala tatu zitafikia gigabaiti 540 kwa mkutano mmoja tu.

Picha hizohizo zikibadilishwa kuwa ProRes 422 kwa ubora huohuo na kasi ya fremu 25 kwa sekunde, kila saa huchukua takribani gigabaiti 221, na jumla hufikia 884. Uhariri utakuwa mwepesi kwa prosesa, lakini mzigo utahamia kwenye diski. Mikondo miwili ya picha hizo ikichezwa kwa pamoja huhitaji karibu megabiti 984 kwa sekunde, kiwango kinachotosha kuujaza mtandao wa ndani wa gigabiti moja. Ofisi inayotaka wahariri watatu wasome picha kutoka seva moja kwa ubora huo itahitaji mtandao wenye kasi zaidi, hata kama kila mmoja ana kompyuta ya bei kubwa.

Njia nafuu ipo. Programu zote kubwa za uhariri huweza kutengeneza nakala nyepesi za picha, zikatumika wakati wa kukata na kupanga, kisha picha za asili zikarejeshwa wakati wa kutoa kazi ya mwisho. Nakala nyepesi za ProRes Proxy kwa ubora wa 1080 huchukua takribani gigabaiti 17 kwa saa. Kwa utaratibu huo, kompyuta ya kiwango cha kati huweza kufanya kazi ambayo wengi hudhani inahitaji mashine ya bei ghali.

Mnunuzi aulize pia kamera zake zinaandika muundo gani. Video iliyobanwa sana, kama H.264 au H.265, huhifadhi fremu chache kwa ukamilifu na kueleza nyingine kwa tofauti zake tu. Kompyuta hulazimika kuzikokotoa upya kila mhariri anaposogeza mshale. Baadhi ya prosesa na kadi za grafiki zina sehemu maalumu za kufumbua miundo hiyo, lakini si zote hufumbua kila aina, hususan ile ya biti 10 yenye rangi za 4:2:2. Njia ya uhakika ni kuchukua faili halisi kutoka kwenye kamera inayotumika na kulijaribu katika mashine inayokusudiwa kununuliwa.

Gharama zisizoandikwa kwenye kasha

Bei ya kompyuta ni sehemu tu ya gharama. Bajeti kamili hujumuisha leseni za programu kwa miaka yote ya matumizi, monita inayoonesha rangi kwa usahihi, spika au vipokea sauti vya kuaminika, diski za kazi na za akiba, mafunzo ya wahariri, na matengenezo. Kifaa cha umeme wa akiba, yaani UPS, kisichukuliwe kuwa anasa. Umeme ukikatika wakati diski inaandika, kinachopotea huweza kuwa picha ambazo hazirekodiwi mara ya pili.

Ni vyema pia kuzingatia upatanifu wa diski. Mac husoma diski zilizoandaliwa kwa mfumo wa NTFS wa Windows lakini, kwa kawaida, haiandiki humo. Na Windows haisomi mfumo wa APFS wa Apple bila programu ya ziada. Ofisi zinazobadilishana picha hutumia aghalabu mfumo wa exFAT, unaosomeka na kuandikika pande zote. Kwa kuwa mfumo huo huathirika kirahisi diski inapochomolewa ghafla, utumike kusafirishia picha, na usifanywe hifadhi ya pekee.

Kwa taasisi za umma

Kwa taasisi ya umma uchaguzi huu una uzito wa ziada, kwa sababu fedha inayotumika ni ya wananchi na picha zinazozalishwa ni sehemu ya kumbukumbu ya nchi. Ununuzi husimamiwa na Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka 2023, na masuala ya mifumo ya TEHAMA yapo chini ya Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019. Mahitaji yaliyoandikwa vizuri hueleza kazi inayotakiwa kufanyika badala ya sifa za kwenye matangazo. Kwa mfano, kuandika kwamba mashine iweze kucheza mikondo miwili ya video ya 4K kutoka kamera za taasisi bila kukwama, ikiwa na maandishi na marekebisho ya rangi, ni bayana zaidi na ni rahisi kupimwa kuliko kuomba kompyuta yenye nguvu.

Kabla ya kukubali mzigo, jaribio lifanyike kwa picha za taasisi yenyewe na kwa mhariri atakayeitumia mashine hiyo. Mradi mfupi wa dakika tano, kuanzia kuingiza picha hadi kutoa faili la mwisho, hudhihirisha kasoro ambazo karatasi ya sifa haiwezi kuzionesha.

Suala la kumbukumbu lisiachwe mwisho. Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 inatukumbusha kwamba kumbukumbu za umma zina utaratibu wake wa kutunzwa. Kwa upande wa video, taratibu nne zinafaa kuzingatiwa kila kazi inapokamilika. Kwanza, kutunza picha za asili kama zilivyotoka kwenye kamera. Pili, kutoa nakala kamili ya kazi ya mwisho kwa ubora wa juu, katika muundo unaosomeka na programu nyingi, pamoja na nakala isiyo na maandishi juu ya picha. Tatu, kutoa mpangilio wa mradi kwa XML au EDL, pamoja na kuhifadhi faili la programu yenyewe. Nne, kuweka nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili tofauti, moja ikiwa nje ya jengo. Kwa hifadhi ya muda mrefu, kanda za LTO bado zinatumika duniani. Kanda moja ya LTO-8 hubeba terabaiti 12 za data isiyobanwa.

Taasisi iliyotimiza hayo inaweza kubadilisha jukwaa wakati wowote bila hofu. Ambayo haijatimiza, hata ikiwa na mashine bora kuliko zote, imeweka kumbukumbu zake rehani kwa ratiba ya kampuni nyingine.

Hitimisho

Filamu ya Parasite ya Korea Kusini, iliyotwaa tuzo ya Oscar ya filamu bora mwaka 2020, ilihaririwa kwa Final Cut Pro 7, programu ambayo Apple ilikuwa imekwisha kuiacha miaka mingi kabla. Mfano huo una maana mbili. Upya wa kompyuta hauwi kipimo cha ubora wa kazi, na mhariri anayeifahamu zana yake na kuitunza katika mazingira yasiyobadilishwa ovyo huweza kufika mbali nayo. Lakini atakayetaka kuufungua mradi wa namna hiyo leo atahitaji mashine ya zamani iliyo hai, au nakala zilizotolewa mapema.

Hivyo basi, wananchi, wazalishaji na watendaji wanaojiandaa kununua wanashauriwa kufuata mpangilio huu: kuitambua kazi na watu watakaoifanya, kuchagua programu, kupima picha na diski, kukadiria gharama za miaka yote, kisha ndipo kuchagua kati ya Mac, Windows na Linux. Na kabla ya kutia saini, waulize swali la mwisho: siku tutakapoliacha jukwaa hili, picha zetu zitafunguliwa wapi?